Kanda ya Kipsing

Jumatatu, 29 Septemba

Vumbi limeamka kabla yetu. Nilipofungua chumba cha seva asubuhi, mashine ya kanda ilikuwa ingali inafanya kazi ya jana: inakwenda mbele kidogo, inasimama, inarudi nyuma, inavuta pumzi, kisha inakwenda tena. Nilisimama nikaisikiliza kama mtu anayemsikiliza mgonjwa aliyelala. Ilipaswa kumaliza kunakili kabla ya jua kuchomoza. Haikuwa imefika hata nusu.

Ekitela, fundi wetu wa kompyuta, alikuja na chapati mkononi. Nilimwambia kwamba katika chumba hiki hakuliwi chapati.

"Siingii nayo, Mwalimu. Itaningoja hapa mlangoni."

"Chapati haingoji mtu. Huliwa au hutupwa."

Aliila yote mbele yangu, polepole, huku akizitazama taa za seva. Ni mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini hutembea kama aliyepewa siku nzima bure.

"Mkurugenzi anataka kujua kwa nini kanda haimaliziki," nikasema.

"Hata mimi nataka kujua."

Jibu hilo halikunipendeza.

Jumatano, 1 Oktoba

Nitaliandika jambo lote hapa, ili nilione likiwa limenyooka.

Ofisi yetu, hapa Chechelesi, huhifadhi sauti za mikutano ya wazee kuhusu maji na malisho. Nilipostaafu ualimu, Kubai, mkurugenzi, aliniita nisahihishe tafsiri na nisimamie hifadhi. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mikutano mirefu kule Kipsing. Mzee Erot, aliyechimba kisima katika mchanga wa laga, yaani mto ule usio na maji ila mvua ikinyesha, aliulizwa kama mifugo ya Burat ingeweza kunywa kisimani pake wakati wa kiangazi. Alikubali, tena si kwa kiangazi kile peke yake. Sasa Erot amefariki.

Wazee wa pande zote mbili hawaiamini kompyuta. Walisema neno lililomo ndani yake linaweza kupikwa upya usiku mmoja. Walionyeshwa kanda, ile ya kushikika mkononi, yenye kilango kidogo ambacho kikifungwa haiandikiki tena, wakaikubali. Wakaagana kwamba kila upande utapewa kanda yake, na kwamba itasikilizwa siku neno litakapobishaniwa. Tuliahidi. Mashine imenunuliwa mwaka huu.

Na neno limeshabishaniwa. Vijana wa Kipsing wanasema kauli ya Erot imezikwa naye. Mwanawe, Ekuam, bado anaifungulia mifugo ya Burat, na kwa sababu hiyo wenzake wa rika moja walimvuta kutoka kwenye hori la kunyweshea, wakamvunja kidole. Wamemwambia kwamba kiangazi kijacho hawataanzia kidoleni. Mkutano wa kulimaliza jambo hili utafanyika mwanzoni mwa Desemba. Kanda isipokuwapo, Ekuam atasimama pale na neno la mtu aliyekufa, na hakuna mzee ambaye vijana watamsadiki akilisema.

Mtafsiri wetu wa Kiturkana, Jecinta, ni dada yake Ekuam. Hukaa meza iliyo mkabala na yangu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Joto. Kanda haikumalizika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ekitela ameleta kanda ya kusafishia, ambayo huingizwa mashineni na kufuta vumbi kwenye kichwa chake cha kusomea. Ilitoka na rangi ya barabara ya Kipsing. Mashine ilikimbia vizuri hadi saa ya chai, kisha ikarudia tabia yake. Mbele kidogo, nyuma kidogo.

Kubai alichungulia mlangoni. "Hatuwezi kunakili ule mkutano wa Erot peke yake, basi? Mengine yafuate baadaye?"

Jecinta hakuinua kichwa. "Wazee walisema tusiwapelekee mkia tukawaambia ni ng'ombe. Wanataka yote."

"Yote ni mengi, Jecinta."

"Ng'ombe pia ni mkubwa, Mkurugenzi."

Nilimwonya kwa macho. Mtu hamjibu mkubwa wake hivyo. Baadaye nikajikuta nikitabasamu dirishani, mahali ambapo hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa sita ya mchana hapa si wakati, ni mahali. Mtu huingia humo na huenda asitoke sawasawa. Nilifumba macho kwenye kiti changu, mlango wa chumba cha seva ukiwa wazi, na ile sauti ya mashine ikageuka kuwa kwato. Nikaona mbuzi weupe wakishuka kuelekea majini. Walipokaribia, mtu nisiyemwona akapiga mluzi, wote wakageuka wakapanda tena. Wakashuka tena. Hakuna hata mmoja aliyekunywa, na hakuna aliyelia. Vumbi lao lilikuwa laini kama unga.

Nilipofumbua macho, Jecinta alikuwa amesogeza pazia ili jua lisinipige usoni. Sikumshukuru, kwa kuwa kumshukuru kungekuwa kukiri kwamba nililala kazini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ekitela amegundua kwamba kikinga virusi kilikuwa kinakagua kila faili kabla haijapita kwenda mashineni. "Kama kizuizi cha polisi," akasema. "Kila mtu ashuke, aonyeshe kitambulisho, apande tena."

Amekizima wakati wa kunakili tu. Asubuhi hii mashine ilikuwa imesonga mbele kuliko siku zote, lakini haikufika mwisho.

Jumanne, 14 Oktoba

Amebadilisha waya. Hakuna tofauti.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nilikaa nyumbani nikafua mapazia. Mlima ulionekana asubuhi, wote, hadi kwenye theluji, kisha ukajifunika.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwambia Kubai kwamba inafaa aitwe fundi mwingine kutoka Nairobi. Nilisema kwamba Ekitela huigusa mashine kama mtu anayebembeleza mtoto, na kwamba tangu juzi hafanyi lolote ila kukaa mbele yake.

"Mwalimu, ulifundisha miaka mingapi?"

"Mingi."

"Na mwanafunzi aliyekaa kimya, ulijua vipi kama anafikiri au amelala?"

"Nilimuuliza swali."

"Basi muulize."

Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wingu la kwanza, upande wa vilima vya Nyambene, dogo na la kijivu kama sufuria iliyosahaulika motoni. Alasiri stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Kazi yote ya kunakili ilikatika, na itaanza upya.

Jecinta alipigiwa simu na mama yake. Ekuam anakwenda kisimani kila siku kama kawaida, mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Anakaa juu ya ukingo wa hori, na vijana wanakaa juu ya ukingo wa laga, wanatazamana mpaka jioni.

"Mwalimu," Jecinta akaniambia, "wewe umewahi kumsikia baba?"

"Nimesoma tafsiri yako. Ni safi."

"Kumsoma si kumsikia."

Alisema kweli. Nimesahihisha maneno ya mzee yule, nimeweka mkato na nukta, na sijui sauti yake ni nene au nyembamba.

Jumatatu, 27 Oktoba

Upepo. Milango yote inagonga.

Jumanne, 28 Oktoba

Siku hii ni ndefu, nami nitaiandika kwa urefu wake.

Nilipofika, Ekitela alikuwa tayari yumo ndani, amepiga magoti sakafuni. Kwenye seva, ambapo taa moja imekuwa nyekundu tangu Agosti, taa ya pili ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Najua maana yake kwa kuwa alikwisha kunifafanulia: diski moja imekufa, na nyinginezo zimekuwa zikibeba mzigo wake. Ya pili ikifa, hakuna kitakachosomeka tena, si mkutano wa Erot wala mwingine wowote. Diski mpya tumeahidiwa na watu wa Nairobi, lakini ahadi haina magurudumu.

Jecinta aliingia, akaiona taa, akakaa juu ya sanduku la karatasi.

"Itadumu mpaka lini?" nikauliza.

"Siwezi kukudanganya, Mwalimu. Labda mwezi, labda leo."

Ndipo nikamuuliza lile swali nililoagizwa. Nilimuuliza kwa sauti ya darasani, maana sina nyingine. "Ekitela. Siku hizi zote unazokaa mbele ya mashine hii, unafanya nini?"

"Naisikiliza." Akaweka kiganja juu yake. "Tumeisafisha, tumebadilisha waya, tumeondoa kizuizi. Nilidhani ni mgonjwa. Si mgonjwa, ina njaa."

"Sema maneno yanayoeleweka."

"Hii mashine ina mbio, Mwalimu. Kanda ikianza kuzunguka inataka ilishwe bila kukoma. Chakula kikichelewa kidogo tu, inakuwa imeshapita mahali pake. Inabidi isimame, irudi nyuma, ipatafute pale ilipoachia, ianze tena mbio. Sasa sisi tunainywesha kama ngamia anayenyweshwa kwa kijiko. Kijiko, ingoja. Kijiko, ingoja."

"Na kijiko ni nini?"

Akatuonyesha kwenye kompyuta. Faili za mikutano ya Kipsing zilishuka kiooni kama mchwa wanaohama. Hazikuwa mikutano, bali vipande. Kipande kimoja kilikuwa na sentensi moja. Kingine kilikuwa na neno moja. Kimoja kilikuwa na mzee anayekohoa, basi. Mimi nilikuwa nikizipokea tafsiri zikiwa zimeshapangwa kwenye karatasi, kwa hiyo sikuwahi kuziona zikiwa katika hali hii.

"Nani aliyekatakata namna hii?" nikauliza.

"Hakuna aliyekata," Jecinta akasema. "Ni kinasa sauti. Nilikuwa nimekishika mimi."

Akatueleza. Kule Kipsing wakati ule hapakuwa na stima, na mikutano ilianza asubuhi ikaisha magharibi. Betri zilikuwa chache. Kwa hiyo walikitegesha kinasa sauti kijizime chenyewe mtu asipozungumza, na kijiwashe sauti ikisikika, kikianza faili mpya. Kila mtu aliona ni busara. Kwingineko, ambako watu hupokonyana maneno, kingezima mara mbili kwa siku.

"Lakini wazee wetu, Mwalimu, husema kidogo na kunyamaza sana. Mtu akiulizwa swali kubwa, hajibu papo hapo. Kujibu papo hapo ni dharau, ni kama swali halikuwa na uzito. Basi kila waliponyamaza, kikazima. Kila waliposema, kikaanza upya."

Ekitela alianza kucheka, polepole, mabega yakitikisika. "Kumbe mashine inasimama kila mahali walipofikiri."

Hatukucheka naye, lakini nadhani sote watatu tuliisikia kwa namna moja wakati ule, ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, pale chini ya kiganja chake.

Dawa yake, akasema, ni kuunganisha vipande vya kila mkutano viwe faili moja ndefu, kuviweka kwanza katika diski nzima ya kompyuta ya Kubai, kisha kuilisha mashine kutoka hapo, imeze funda moja lisilokatika. Kubai alitoa kompyuta yake kabla hajamaliza kuombwa.

Nimerudi nyumbani nikitembea. Kwa muda wote huu nilimwona Ekitela kuwa mvivu. Yeye alikuwa ndiye mtu pekee ofisini aliyekuwa akisikiliza.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua! Ilianza saa nane, matone makubwa yaliyochimba mashimo vumbini, kisha pazia zima. Harufu ya ardhi iliingia ofisini kama mgeni anayejua njia. Hibo wa uhasibu alisimama barazani na viganja wazi, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Chini ya ngurumo ya mvua hiyo Ekitela alituita tusikilize mkutano wa kwanza uliounganishwa, ule wa Erot. Alikuwa amevibandika vipande kimoja kwa kingine, mwisho kwa mwanzo. Nilisikia sauti ya mzee Lopeyok wa Burat ikiuliza swali lile. Mara hiyo hiyo, karibu juu ya neno lake la mwisho, sauti ya mtu mwingine ikajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Erot. Ilikuwa sauti nene, na ilikuwa na haraka. Lopeyok aliuliza tena, naye akajibu tena, kama wanunuzi sokoni.

Jecinta alisimama. "Zima."

Ekitela akazima.

"Huyu si baba. Baba hakuwahi kukimbia na maneno. Mkiwachezea hiyo, vijana watasema, mnaona? Mzee alisukumwa. Alijibu hata kabla swali halijaisha. Na kusema kweli, hata mimi ningesema hivyo."

"Maneno ni yale yale," nikasema.

"Maneno, ndiyo."

Ekitela alisema kwamba kila kipande kina saa yake: saa kilipoanza, na urefu wake. Mwanya baina ya kipande na kipande unaweza kupimwa. Anaweza kuweka kimya cha urefu huo huo, kila mahali pake. "Na kimya hakina uzito, Mwalimu. Mashine hukibana kikawa si kitu. Itakimeza bila kutafuna."

Hapo ndipo nilipokataa. Nilisema kwamba kuongeza katika kumbukumbu kitu ambacho hakikurekodiwa ni kughushi, hata kama kitu hicho ni kimya. Nilisema pia kwamba kuna taa ya rangi ya chungwa, na kazi hiyo itakula siku.

"Hakikurekodiwa, lakini kilikuwapo," Jecinta akasema. "Nilikaa pale, mchangani, nikakisikia. Kukitoa ndiko kughushi."

"Na utajuaje kwamba ni kimya, si betri iliyokwisha?"

"Kila nilipobadilisha betri nilisema. Msikilize."

Ekitela akatafuta. Ikatoka sauti ya msichana, nyembamba, yenye adabu: "Nabadilisha betri." Na tena, baada ya muda: "Nimebadilisha betri." Jecinta alijisikiliza akiwa ameuma mdomo. Alikuwa binti mdogo wakati ule, na baba yake alikuwa hai, hatua chache kutoka kwake.

Nikaenda dirishani. Mtaa ulikuwa umegeuka kijito cha rangi ya chai, na mbuzi wa jirani walikuwa wamepanda juu ya ngazi ya duka wakitazama maji yanavyopita. Nilifikiri kuhusu nukta. Nilipokuwa nikifundisha nilisema nukta ni mahali pa kupumua. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi pumzi hiyo iwe ya urefu gani.

"Mtaweka vyote," nikasema. "Vipande kama vilivyo, vikiwa vimefungwa katika furushi moja bila kuguswa. Na kando yake, mkutano uliounganishwa pamoja na vimya vyake. Mtu akitaka kulinganisha, alinganishe. Na siku ile, kabla hatujacheza lolote, tutawaambia wazee tumefanya nini na kwa nini."

"Asante, Mwalimu," Jecinta akasema.

"Usinishukuru. Fanyeni kazi."

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Taa ingali ya chungwa. Tunapita mbele yake kwa kunyata, kana kwamba nyayo zinaweza kuiamsha.

Alhamisi, 6 Novemba

Kumbikumbi kila mahali. Wanaingia chini ya mlango, wanaangusha mbawa, wanakwenda zao. Nimezifagia mbawa kwenye chumba cha seva, nyepesi mno hata ufagio ulizipeperusha badala ya kuzikusanya. Ekitela amemaliza kunakili Kipsing yote kwenye kompyuta ya Kubai. Anaunganisha. Mara nyingine humwita Jecinta amthibitishie jambo, nao huinamia kompyuta moja, wakibishana kwa Kiturkana na kucheka.

Jumanne, 11 Novemba

Barabara ya Burat imekatika. Watu wanavuka wakishikana mikono.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo nimepewa vifaa vya masikioni nikague mkutano wa Erot, sasa ukiwa na vimya. Lopeyok akauliza. Kisha pakawa hakuna kitu.

Najua kwamba hakikuwa kimya cha Kipsing. Kilitengenezwa na Ekitela kutokana na saa. Hakina upepo, hakina nzi, hakina ng'ombe anayejipiga mkia. Lakini nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, ikaingia humo taratibu na kukijaza. Nikauona mchanga wa laga, mweupe, na kivuli chembamba cha mgunga kikisogea juu yake. Nikawaona wanaume wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vidogo, kila mmoja akitazama ardhi yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na haraka, hata mimi. Sijui nilikaa humo muda gani. Erot alipozungumza nilishtuka, kisha nikaona aibu, kama mtu aliyegeukiwa ghafla na mwenyeji wake.

Sauti yake haina haraka hata kidogo.

Nilivua vifaa nikamwambia Jecinta, "Nimemsikia."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika.

Jumatatu, 17 Novemba

Stima haikuwapo kutwa. Tulikunywa chai.

Jumatano, 19 Novemba

Mashine imelishwa. Niliketi chumbani tangu ilipoanza, pamoja na Ekitela, na Kubai naye akaja akaegemea mlango. Haikusimama wala kurudi nyuma. Ilitoa sauti moja ndefu, iliyolingana, kama mtu anayeimba na mdomo umefungwa akiwa anafanya kazi nyingine. Mchana tulikuwa na kanda ya kwanza, na kabla ya magharibi tulikuwa na ya pili. Zile kazi ambazo hazikumalizika msimu mzima!

Ekitela hakufurahi upesi. Alisema kanda isiyosomwa ni uvumi tu. Akazirudisha mashineni moja baada ya nyingine, akazisoma, tukasikiliza hapa na pale. Zilikuwa nzima. Ndipo akafunga vile vilango vidogo kwa ukucha.

Ijumaa, 21 Novemba

Taa ya pili imekuwa nyekundu. Seva haifunguki. Hakuna aliyepaza sauti. Kubai aliwapigia simu tena watu wa Nairobi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiwa mkali.

Kwa upande wa Kipsing, sasa kuna kanda mbili, na nakala ya kazi kwenye kompyuta ya Kubai. Mikutano ya kwingineko itategemea mafundi. Nimemwomba Ekitela msamaha kwa yale niliyomwambia mkurugenzi kumhusu. Akasema, "Yapi, Mwalimu?" Alikuwa anayajua vizuri sana.

Jumamosi, 29 Novemba

Mama yake Jecinta alipiga simu. Vijana wamesema watakuja mkutanoni, lakini kwamba sauti ya kwenye mashine inaweza kusema lolote.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumerudi jioni hii, viatu vyetu vimejaa matope mekundu. Naandika kabla sijavivua.

Kipsing ni kijani, jambo ambalo macho hayaliamini. Tulifika na mashine yenyewe, kompyuta, na jenereta ndogo ambayo Ekitela aliiweka mbali nyuma ya gari ili isitusumbue. Watu walikuwa wamekaa chini ya migunga, Burat upande huu, Kipsing upande ule, na vijana wamesimama nyuma wakiegemea fimbo zao. Ekuam alikuwa peke yake pembeni. Ana sura ya Jecinta. Kidole chake kimepona vibaya.

Kubai alizitoa kanda, akazionyesha kwa pande zote mbili. Mzee mmoja wa Kipsing aliishika ya kwao, akakijaribu kilango kwa kucha, akaridhika. Kisha nikasimama mimi, Jecinta akitafsiri. Niliwaeleza jinsi kinasa sauti kilivyozima waliponyamaza, na jinsi tulivyokirudisha kimya kwa kufuata saa.

"Kwa hiyo mmeongeza," kijana mmoja akasema kwa Kiswahili. Ndiye aliyemvunja Ekuam kidole, Jecinta aliniambia baadaye.

"Tumerudisha," nikasema. "Wazee mlio hapa mlikuwa pale. Mtajua wenyewe."

Ekitela akaingiza kanda mbele yao wote. Ilizunguka. Ikatoka sauti ya Lopeyok, ikiwa changa zaidi, ikiuliza kama mifugo ya Burat itakunywa hapa kiangazi kikija. Lopeyok mwenyewe alikuwa ameketi safu ya mbele, amezeeka, mikono juu ya fimbo. Aliposikia sauti yake aliinamisha kichwa.

Kisha pakawa kimya.

Kiliendelea. Ndege walilia mgungani. Mtoto alikohoa. Vijana walianza kutazamana, na yule kijana akacheka, "Imekatika!" Wengine wakacheka naye. Kubai alipata wasiwasi, akanyoosha mkono kwenye kompyuta.

Lopeyok aliudaka mkono ule, bila kuinua kichwa.

"Mwache," akasema. "Bado anafikiri."

Kicheko kilikwisha. Niliwaona wazee wakikaa vizuri, mmoja mmoja, kila mtu akitazama ardhi yake, upande huu na upande ule, kama watu waliorudi mahali walipokuwa wameketi. Walikijua. Walikuwa wanamsubiri.

Na Erot akasema, polepole: "Kisima nilikichimba kwa mikono, lakini maji niliyakuta. Na waje."

"Kiangazi hiki?" sauti ya Lopeyok ikauliza.

Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. Hakuna aliyecheka. Ekuam alikuwa amefumba macho.

"Kila kiangazi."

Ekitela akaisimamisha kanda. Jecinta alikuwa na kinasa sauti kipya magotini, chenye kurekodi bila kukoma, na taa yake ndogo ilibaki ikiwaka muda wote ule ambao watu mia walikaa bila neno.

Baada ya muda yule kijana aliiacha fimbo yake ikiegemea mti. Akapita katikati ya mkutano, mbele ya wazee wote, mpaka pembeni alipokuwa Ekuam, akakaa chini kando yake, juani.

Ekuam hakumtazama. Alisogea kidogo, akampa nafasi kivulini.